Kimya cha Nuhu: Kisa cha Biblia Katika Sinema

Aghalabu mtungaji wa sinema atwaapo kisa cha Biblia, Wakristo humpima kwa kipimo kimoja: je, ameongeza au amepunguza? Ndicho kipimo kilichotumiwa dhidi ya Noah, sinema ya Darren Aronofsky iliyotolewa mwaka 2014, ambamo Russell Crowe anaigiza Nuhu. Kabla haijaonyeshwa, kampuni ya Paramount iliombwa na chama cha Marekani cha watangazaji wa dini, National Religious Broadcasters, ikakubali kueleza katika matangazo yake kwamba watungaji walitumia uhuru wa kisanaa. Ilipoonyeshwa, wengi walilaumu majitu ya mawe yanayomsaidia Nuhu kujenga safina. Twaona kwamba walalamikaji hao walikuwa na hoja, ila walishika iliyo dhaifu.

Kuongeza peke yake si kosa. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 hadi ya 9, hakitaji sura ya Nuhu, wala jina la mkewe, wala yale waliyosemezana jamaa wale maji yalipokuwa yakipanda. Msimulizi aweza kuyanyamazia hayo. Mwenye kamera hawezi, kwani mtu wa sinema hana budi kuwa na uso, mavazi na sauti. Hata Jesus, sinema ya mwaka 1979 iliyoifuata Injili ya Luka kwa karibu, na ambayo imetiwa sauti za lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwamo, ilimpa Yesu uso wa mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon. Luka hakueleza uso huo ulikuwaje, na bado makanisa mengi yaliipokea sinema hiyo kwa furaha.

Basi yafaa tuulize: nyongeza yaufanya nini muundo wa kisa chenyewe? Katika Mwanzo, Mungu ndiye asemaye. Aeleza kusudi lake. Ataja vipimo vya safina, mikono 300 urefu, 50 upana na 30 kwenda juu. Ataja na watakaoingia. Nuhu hajibu neno. Kauli yake ya kwanza tunayoisikia ni laana juu ya Kanaani, katika 9:25, gharika ikiwa imekwisha. Kimya hicho ndicho sura ya utii wake: hasemi, hutenda.

Aronofsky amelipindua jambo hili. Muumba hasemi, ila humletea Nuhu maono. Nuhu ndiye msemaji. Na kwa kuwa maono hayana maneno, Nuhu hulazimika kuyafasiri, hata akasadiki kwamba wanadamu wote yapasa watoweke, akakusudia kuwaua wajukuu wake mapacha wachanga. Katika Mwanzo shaka hiyo haina pa kuingilia, maana Mungu ametamka mapema kwamba wana wa Nuhu na wake zao wataingia safinani.

Hapana shaka kwamba mapinduzi hayo yanampa mhusika mgogoro wa nafsi ambao sinema yauhitaji. Lakini kisa cha utii kimegeuka kisa cha ufasiri. Majitu yangaliweza kuondolewa yote na badiliko hili likabaki pale pale. Mkristo anayeikataa sinema hii angepata hapa hoja yenye uzito, na mtetezi wake naye angelazimika kuijibu kwa hoja ya sanaa, asijifiche nyuma ya neno "uhuru".