Mto Mara: ng'ombe wamehesabiwa, maji je?

Machi 2022 maji ya Mto Mara pale darajani Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Kama ulikuwa mkoani Mara siku zile unakumbuka maswali yalivyokuwa mengi. Ni sumu ya mgodi? Imetoka Kenya? Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Selemani Jafo, akaunda kamati ya watu 11 chini ya Profesa Samuel Manyele na kuipa siku saba. Jibu lilipotoka, nusu ya nchi ilicheka na nusu ilikasirika: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza bondeni.

Leo nataka tuikosoe ripoti ile, lakini si kwa sababu ile iliyowachekesha watu mitandaoni. Tukishamaliza nayo tuukosoe pia huo unaoitwa ushirikiano wa Kenya na Tanzania juu ya mto huu, maana udhaifu wa ripoti ulianzia huko.

Kinyesi kinaua samaki kweli

Tuanze na haki ya kamati. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Mto wenye afya, kwa joto la kwetu, hubeba miligramu 7 hivi za oksijeni katika kila lita. Ukiingiza kinyesi kingi au majani yanayooza, bakteria wanakishambulia, na wao wanapokula wanapumua. Oksijeni inashuka. Ikifika chini ya miligramu 2 hivi, samaki wengi wanakabwa. Hapo hakuna aliyemwaga sumu, ni pumzi tu imeisha.

Na jambo hili limeshaonekana katika mto huuhuu. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti kuhusu viboko wa Mto Mara upande wa Kenya. Kinyesi cha viboko hulala chini ya madimbwi yao, oksijeni inaisha kule chini, halafu mvua ikinyesha na mto ukajaa ghafla, uchafu wote unasombwa kwa pamoja. Ndani ya miaka 3 walirekodi mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni, 13 kati yake yakiishusha hadi kiwango cha hatari. Katika miaka 5 waliona vifo vya samaki mara 9.

Kwa hiyo aliyesema "tangu lini mavi yakaua samaki?" alikosea. Yanaua. Swali la maana ni jingine: je, Machi ile ndiyo yaliyoua, na yalikuwa ya nani?

Toa simu, tupige hesabu

Takwimu zilizotangazwa na kuandikwa magazetini ni hizi: ng'ombe zaidi ya 300,000 bondeni, tani milioni 1.8 za kinyesi, lita bilioni 1.5 za mkojo. Ni namba za kutisha. Hebu fungua kikokotoo chako.

Chukulia ng'ombe 300,000 wamekaa bondeni miezi minane, yaani siku 240. Kila mmoja anakunya kilo 25 kwa siku. Zidisha: 300,000 × 240 × 25. Unapata kilo bilioni 1.8, sawasawa na tani milioni 1.8. Mkojo nao, ukimpa kila ng'ombe lita 20 na kidogo kwa siku, unafika palepale kwenye bilioni 1.5.

Namba inayotoka mviringo namna hiyo inanionyesha kitu kimoja: ni namba ya kuzidisha, wala si ya kupima. Kuzidisha si dhambi. Wanasayansi tunakadiria kila siku. Shida ni kwamba kadirio hili linatuambia ng'ombe wanaweza kutoa kiasi gani, halituambii kiasi gani kiliingia mtoni. Kinyesi kingine kilikauka juani, kingine kililiwa na mende, kingine kilibaki kwenye mafunjo. Halafu ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 hali wala hanyi sawa na ng'ombe mkubwa wa maziwa.

Kuna pengo kubwa zaidi. Ng'ombe hushuka bondeni kila kiangazi kutafuta majani mabichi. Basi kwa nini maji yaligeuka meusi Machi ile na si kila Machi? Maelezo yanayofaa miaka yote hayatoshi kueleza mwaka mmoja. Ili yatoshe, lazima yatuonyeshe mto ulijaa lini, oksijeni ilishuka saa ngapi, na ilianza kushuka wapi.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji maabara, na wavuvi wanakijua kuliko sisi wenye shahada. Kamongo anapumua hewa kwa mapafu. Kambale naye ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa ya juu. Sangara hana msaada huo, na maji yenye oksijeni kidogo humshinda mapema. Kwa hiyo sangara na furu wakifa huku kamongo na kambale wakiendelea na maisha, shaka yako ielekee kwenye oksijeni. Kamongo naye akielea, hapo fikiria sumu. Si ushahidi wa mwisho, lakini orodha ya samaki waliokufa, aina kwa aina, ingeshawishi watu kuliko tani milioni 1.8.

Kwa nini watu hawakuamini

Usidhani wananchi ni wabishi tu. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi Mto Tigithe, ambao unamwaga maji yake Mto Mara. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu wa Nyamongo aliyeuona mto wake ukichafuka si mara moja, ukimwambia safari hii ni ng'ombe, atakuomba vipimo. Ana haki.

Na hapa ndipo siku saba zinapoiumiza kamati. Maji ya mto hayasubiri kamati. Yale yaliyoua samaki yalishapita kwenda ziwani kabla mtaalamu hajafungua chupa ya kwanza. Unachopima baada ya hapo ni mabaki. Hata uwe profesa mzuri kiasi gani, huwezi kurudisha maji ya jana. Dutton na wenzake waliona walichoona kwa sababu vifaa vyao vilikuwa majini kabla ya tukio, usiku na mchana, kwa miaka.

Mto mmoja, madaftari mawili

Sasa tuvuke mpaka. Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395. Unaanza kwenye msitu wa Mau kama mito miwili, Nyangores na Amala, unapita mashamba ya Bomet na Narok, hoteli za Maasai Mara, Serengeti, halafu unaingia mkoani kwetu hadi kwenye mafunjo na kumwaga ziwani upande wa Musoma. Karibu theluthi mbili za bonde zipo Kenya. Kamati ya Tanzania ikichunguza Kirumi peke yake inasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Ushirikiano upo, kwenye karatasi upo sana. Itifaki ya Ziwa Victoria ya 2003 inasema mchafuzi alipe. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao Kisumu. Mwaka 2015 nchi mbili ziliweka saini hati ya makubaliano kuhusu bonde la Mara. Na tangu 2012, kila Septemba 15 tuna Siku ya Mara: hotuba, miche ya miti, ngoma, fulana.

Siipingi Siku ya Mara. Inawakutanisha mkulima wa Mulot na mvuvi wa Musoma, na hilo si dogo. Ninachokosoa ni kuifanya sherehe kuwa kipimo cha ushirikiano. Mchafuzi atalipaje kama hakuna anayeweza kuonyesha uchafu ulivuka mpaka au ulizaliwa hapahapa? Mto huu una vituo vya kupima wingi wa maji vya miaka mingi, kama Bomet, Kapkimolwa na Mara Mines. Lakini kujua mto umejaa si kujua kama samaki wanapumua. Tungekuwa na kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi muda wote pale mto unapoingia Tanzania, na kingine kabla ya mafunjo, ugomvi wa Machi 2022 ungeisha kwa mchoro mmoja. Oksijeni ikiwa tayari imeshuka mpakani, tunaongea na Kenya. Ikiwa nzuri mpakani na mbaya Kirumi, tunajitazama wenyewe: ng'ombe, migodi, miji yetu.

Utasema hatuna fedha. Fedha za Mara kwa miaka mingi zimetoka kwa wafadhili, USAID wakiwemo, na shirika hilo limefungwa 2025. Hilo ni onyo. Lakini vipimo viwili na watu wawili wa kuvisafisha ni gharama ambayo nchi mbili zinaweza kuibeba bila kungoja mtu wa nje.

Wenzetu wa Rhine hawakuwa malaika

Watu hupenda kuutaja Mto Rhine wa Ulaya kama mfano mzuri, halafu wanaruka sehemu muhimu. Tume ya kulinda Rhine iliundwa 1950. Miaka 36 baadaye, Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua, maji ya kuzimia moto yakabeba sumu mtoni na kuua samaki mamia ya kilomita hadi nchi nyingine. Yaani tume ilikuwepo, vikao vilikuwepo, na mto ulikufa hivyohivyo.

Kilichobadilika 1987 ni aina ya lengo. Walisema: ifikapo 2000, samaki aitwaye salmoni arudi kwenye Rhine. Lengo hilo hata mtoto anaweza kulikagua, maana samaki amerudi au hajarudi. Wakaimarisha vituo vya kupima na mfumo wa nchi ya juu kuipigia kengele nchi ya chini. Na salmoni alirudi.

Sisi tunaye salmoni wetu: ningu. Huyu hutoka ziwani na kupanda mito kwenda kuzaa wakati wa mvua. Wazee wanamkumbuka akivuliwa kwa wingi. Leo amepungua vibaya, kwa nyavu za mdomoni mwa mito na kwa uharibifu wa mito yenyewe. Hati ya 2015 ingeandikwa upya na sentensi moja tu, kwamba ningu apande Mara hadi Kenya bila kukabwa njiani, tungekuwa na kitu cha kuwauliza viongozi kila Septemba 15.

Na wewe wa Kibara?

Unaweza kusema Mto Mara haupiti Kibara. Sisi tuko Ghuba ya Speke. Ni kweli. Ila Ziwa Victoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa kuvukizwa na jua, na fosforasi haivukizwi. Kinachoingia kinakaa, kinalisha mwani na magugumaji, na ziwa halina ukuta katikati. Maji unayochota mwaloni ni ya bonde zima.

Kwa hiyo siku ukikuta samaki wanaelea, usiwale na usiwauze. Piga picha, andika tarehe na saa, andika rangi ya maji na kama mvua ilinyesha jana. Hesabu aina kwa aina, na hasa mtafute kamongo. Kisha peleka daftari hilo kwa ofisa uvuvi wa wilaya na kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria siku hiyohiyo. Kamati ikija siku ya saba, ikute kuna aliyepima siku ya kwanza.