Gurudumu Dogo la Nyuma

Slasha nyingi za trekta, zile mashine za kukatia nyasi, ziliundwa na watu waliozoea ardhi tambarare. Ipeleke moja Uasin Gishu, itakwenda na kurudi siku nzima bila maneno. Ilete Kericho, ambako shamba linaanzia juu barabarani na kuishia chini mtoni, ambako mvua hupita milimita 1,800 kwa mwaka na udongo mwekundu ni nadra kukauka sawasawa, na kasoro zake zote zitajitokeza kabla ya chakula cha mchana. Penye nundu inachuna udongo, penye bonde inaruka nyasi, na trekta inaacha mifereji miwili nyuma yake. Ndiyo maana huku slasha ikishanunuliwa hupitia kwanza kwa fundi.

Mafundi wenyewe utawakuta Kapsoit, Litein, Kapkatet, Sotik, kandokando ya lami, chini ya mabati. Riziki yao ya kila siku ni mageti, madirisha na mikokoteni. Kazi ya slasha huja mara mojamoja, na kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine inayoonyesha akili yao wazi hivi, kwa sababu haina ramani ya kufuata. Kila shamba limelala kivyake.

Kwa kawaida mambo huwa hivi. Shule, kanisa au mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa ananunua trekta ndogo ya nguvu farasi 20 hadi 25. Slasha anayoimudu ni kuukuu, iliyotoka kwenye trekta kubwa. Mikono mitatu ya kubebea zana, ambayo sifa yake humwendea Harry Ferguson, siku hizi iko kwenye trekta karibu zote duniani, ila pini zake hazilingani: trekta kubwa hutumia ya milimita 28, ndogo ya milimita 22. Fundi anang'oa ile nene, anatia bushi kwenye tundu lililobaki, anafunga nyembamba. Hilo ni jambo la saa moja.

Upana ndio unaohitaji ujasiri. Wenye kazi hii huhesabu nguvu farasi 5 kwa kila futi ya slasha, kwa hiyo slasha ya futi 5 itaikaba trekta ndogo mara tu nyasi zikiwa mbichi. Fundi anaikata iwe ya futi 4: bati la juu, kuta za pembeni, na ile boriti inayoshika visu. Hapo hesabu nyingine inaingia. Shafti ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi ya slasha huikaribisha kwenye 1,000. Kwenye duara la mita 1.5, ncha ya kisu hukimbia mita 78 hivi kwa sekunde. Kwenye duara la mita 1.2 inashuka hadi 63. Kasi hiyo bado inakata, lakini haivumilii kisu butu, na fundi anayeijua siri hiyo hageuki kwenda kwenye magurudumu kabla hajamaliza visu.

Kisu kizuri hutoka kwenye springi ya lori. Anakipasha moto mpaka kiwe chekundu, anakizamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha anakisugua kwa msasa mpaka king'ae. Kung'aa huko si urembo. Anakirudisha kwenye moto, mbali kidogo, na kukitazama: rangi ya majani makavu inapita juu ya chuma, halafu hudhurungi, halafu zambarau, halafu buluu. Kwenye buluu anakitoa. Angekiacha kikiwa kigumu kama kilivyotoka kwenye oili, siku kitakapopiga jiwe kitapasuka, na kipande kinachoruka kwa kasi ile kinaua mtu. Vikishapoa viwili vyote, anavuka barabara hadi dukani, anaweka kimoja kila upande wa mizani ya muuza nafaka, na kile kizito anakipunguza kwa grainda upande wa mkia, kamwe si kwenye makali. Vikifungwa, bolti haikazwi hadi kisu kikashikika. Kinaachwa kicheze, ili kikikutana na kisiki kirudi nyuma badala ya kuvunja giaboksi.

Sasa magurudumu. Wateja wengi hudhani tairi za trekta ni jambo moja na slasha ni jambo lingine, na nimemwona fundi akilitengua wazo hilo kwa maswali matupu, bila kushika spana. Mwalimu mstaafu alikuja kutoka upande wa Bomet akitaka tairi zenye meno makubwa, zile za kulimia.

"Chamgei, Mwalimu. Nyasi unakata za nini?"

"Za ng'ombe, kijana wangu. Na uwanja wa kanisa, Jumamosi."

"Shamba limelalia wapi?"

"Mtoni."

"Basi Mwalimu, tusiongee tairi kwanza. Kesho nije nione."

Tairi ya meno marefu hushika matope, ndiyo, lakini ikigeuka kwenye uwanja wenye nyasi laini huzing'oa na mizizi yake. Tairi pana ya uwanjani, yenye kashata ndogondogo, haiachi alama, ila kwenye mteremko uliolowa inateleza. Katikati zipo zenye meno mafupi na mapana, na kwa shamba la ng'ombe lenye kiwanja juu yake ndizo ninazoziona za busara. Kisha kuna maji: tairi za nyuma zikijazwa maji hadi robo tatu, uzito unakaa chini na trekta inatulia. Na upana wa mguu: rimu ya trekta ndogo nyingi imebonyea upande mmoja, ukiigeuza tairi inasogea nje. Fundi mzuri akigeuza rimu huhamisha pia tairi ya kushoto kwenda kulia, kwa sababu bila hivyo meno ya V yataelekea nyuma na trekta itapoteza sehemu ya mshiko wake.

Lakini hapo ndipo fundo lilipo. Ukishapanua mguu kwa ajili ya usalama, tairi zinatoka nje ya slasha ya futi 4. Nyasi zinazokanyagwa na tairi hulala, kisu hupita juu yake, na kesho yake zimesimama tena kwa mistari miwili. Jibu nililoliona Litein lilinifurahisha sana. Fundi hakuongeza upana wa slasha wala hakurudisha tairi ndani. Alikata fremu ya kufungia na kuihamisha sentimita 15, slasha ikakaa upande mmoja wa trekta. Tairi ya upande huo inafunikwa kabisa, na ile ya pili, dereva akizunguka shamba kwa mwelekeo mmoja, hupita kila mara kwenye nyasi zilizokwisha kukatwa.

Lililobaki ni gurudumu dogo la nyuma, lile linaloshika kimo, na hapa ndipo mikono mizuri inapotambulika. Watu hufunga gurudumu la wilbaro na kuondoka. Beringi yake iliundwa kwa mwendo wa mtu na mzigo wa kutoka juu. Kwenye mteremko mzigo unatoka ubavuni, na baada ya muda si mrefu gurudumu linayumba. Fundi ninayemsifu hubakiza tairi na kutupa habu. Anachonga nyingine, anatia beringi mbili za bodaboda zilizozibwa, na kati yake anaweka kipande cha bomba kilichokatwa kwa kipimo, ili nati ikikazwa beringi zisibanane. Beringi hizo ziko kila kituo cha boda kuanzia Chepseon hadi Silibwet, nalo ni wazo la mtu anayejua kwamba mashine itaharibikia mbali naye.

Gurudumu lisilogeuka huchimba udongo kila kona, kwa hiyo analifunga kwenye pini wima, ligeuke lenyewe. Ekseli lazima ikae nyuma ya pini, upana wa kiganja hivi: ikikaribia mno gurudumu linatetemeka, ikienda mbali mno linagonga bati likizunguka. Na pini hiyo haichomelewi slasha ikiwa imelala chini. Anaiinua kwanza kwenye magogo hadi kimo cha kukatia, mbele chini kuliko nyuma kwa sentimita 2, ili kisu kikate upande wa mbele tu na kisirudie nyasi zilezile nyuma. Hapo ndipo anapoipima pini na kuichomelea. Ikiinama hata kidogo, gurudumu litakuwa likitafuta mto siku zote.

Analisogeza pia karibu na visu kadiri bati linavyoruhusu, kwa sababu slasha inayobebwa mbele na trekta na nyuma na gurudumu lililo mbali huning'inia katikati, na nundu inayopita hapo inanyolewa hadi udongo. Mkono wa juu wa trekta anaubadilisha kwa mnyororo, slasha ielee ifuate ardhi badala ya kuifuata trekta.

Shamba la Mwalimu, yule fundi wa maswali alilitembea lote kwa miguu, na karibu na mto alichomeka vijiti viwili. Chini ya vijiti hivyo, alimwambia, trekta isishuke. Pakatwe kwa fyekeo au paachiwe ng'ombe. Kisha alimpa slasha ikiwa haina rangi, chuma kitupu, na kumwambia airudishe baada ya wiki mbili. Ufa kwenye weldi huanza mwembamba kuliko unywele, na rangi huuficha. Ikirudi ataikagua, atakaza nati zote upya, ndipo aipake.