Muuza Magazeti na Uzito wa Picha

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha picha za wauza magazeti katika miaka ya dhiki. Je, mpiga picha ameuona uzito wa mzigo, au ameona usufi tu?

Tabora ina haki ya kuuliza. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, habari kutoka pwani zilifika Unyanyembe mikononi mwa watu wa misafara, zikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipokaa Kwihara alipewa mtoto mtumwa, Ndugu Mhali. Msafarani mtoto huyo akaitwa Kalulu. Mwaka 1872 alipigwa picha pamoja na Stanley katika studio ya London, safari ikiigizwa upya. Picha ile ilimtukuza bwana. Mtoto aligeuzwa pambo, na jina lake la kwanza halikuwa na nafasi.

Tulinganishe na Lewis Hine wa Marekani. Tangu mwaka 1908 alizipiga picha kazi za watoto, wakiwamo wauza magazeti, ili kuupinga utumikishwaji wao. Aghalabu aliandika umri, saa za kazi, pato, na hata jina. Maandishi yale ni nusu ya picha.

Kwetu nusu hiyo ina uzito wa pekee. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 bidhaa ziliadimika, na mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvukazi. Mtu wa barabarani asiyetambuliwa kuwa na kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Basi picha ya kijana aliyesimama karibu na stesheni, isiyo na maelezo, yaweza kumshuhudia kuwa mfanyakazi, au kumshtaki kuwa mzembe. Picha ni ileile. Maneno ndiyo yanayoamua.

Tunawalaumu wapiga picha wanaopenda shati lililochanika kuliko mtu aliyelivaa. Muuza magazeti hujua saa ya gari moshi, huhesabu chenji, hutangaza habari kuu kwa sauti. Anajua pia kwamba gazeti lisilonunuliwa hadi jioni hugeuka karatasi ya kufungia karanga. Hasara hiyo haionekani kwenye shati, sharti iulizwe.

Kwa hiyo twawashauri walimu: wanafunzi wakipewa picha, waulize kwanza ni nani aliyemo, anafanya nini, na nani ananufaika kwa kuonyeshwa kwake. Wakipewa kamera, waombe ruhusa, waulize jina, waandike kwa idhini ya mwenyewe. Wapagazi wengi wa njia ile ya kale hatuyajui majina yao. Kosa hilo tusilirudie kwa wachukuzi wa habari wa zama zetu.