Nyumba Isiyo na Msumari

Katika vijiji vya Aceh Besar, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra huko Indonesia, mtu anaweza kununua nyumba asinunue kiwanja. Wanaume huja na nyundo, wakagonga kabari mpaka zikatoka, wakachomoa boriti moja baada ya nyingine, wakashusha nguzo, wakapakia kila kitu kwenye lori na kwenda zao. Kinachobaki ni mawe ya msingi, yamepangwa mistari minne. Nyumba ileile husimamishwa tena kijiji kingine. Haivunjiki, kwa kuwa tangu mwanzo haikupigiliwa.

Nyumba hiyo huitwa rumoh Aceh, na fundi anayeijenga huitwa utoh. Mwenye shaka na kazi ya utoh akaitazame ile iliyoko Banda Aceh. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Uholanzi iliandaa maonyesho makubwa mjini Semarang, kisiwani Java, na banda la Aceh lilikuwa nyumba ya namna hii. Maonyesho yalipokwisha nyumba ikafunguliwa, ikavushwa bahari hadi Kutaraja, ndiyo Banda Aceh ya sasa, ikaunganishwa upya. Tarehe 31 Julai 1915 Gavana H.N.A. Swart akaizindua kuwa jumba la makumbusho. Mwaka 1969 ikahamishwa tena, safari hii ndani ya mji uleule, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Imepita miaka zaidi ya 100, imehama mara mbili, na bado watu wanapanda ngazi zake.

Lakini nyumba ya makumbusho haina jiko linalofuka moshi. Ili kuielewa rumoh Aceh ni lazima kuikuta na wenyewe, kwa mfano katika kijiji cha Lubok Sukon, wilaya ya Ingin Jaya, si mbali na Banda Aceh. Ni kijiji ambacho mgeni angeweza kukipita asigeuze shingo. Vichochoro vyake vina ua wa mimea iliyokatwa sawasawa kama ukuta, na nyuma ya ua nyumba zimesimama juu ya nguzo, zote zikielekea upande mmoja. Kama ilivyo kwa kila kijiji cha Aceh, pana mkuu wa kijiji anayeitwa keuchik, na pana meunasah, jengo la kusalia, kukutania na kusuluhishia ugomvi, ambako zamani vijana wasiooa walikuwa wakilala. Maisha yamefungwa na mpunga: kuna msimu wa kulima, msimu wa kupanda, msimu wa kuvuna, na dua ya pamoja kabla ya kazi ya shamba.

Sehemu yenye shughuli nyingi kuliko zote ni uvunguni mwa nyumba. Sakafu iko juu kiasi kwamba mtu mzima kwa kawaida hupita chini yake bila shida. Huko ndiko kunakowekwa kinu cha mpunga kinachokanyagwa kwa mguu, kuni, na siku hizi pikipiki. Wanawake husuka mikeka kivulini na watoto hucheza mvua inaponyesha. Mto ukifurika, maji hupita chini na watu hubaki juu na mchele wao.

Utoh huanza kazi bila karatasi. Vipimo vyake anavyo mwilini: dhiraa, shubiri na pima, vilevile ambavyo mafundi wa Lamu na Pemba walivitumia. Mbao ngumu huchaguliwa mapema na kulowekwa majini muda mrefu ili wadudu wasizipende, kisha hukaushwa. Nyumba ya nafasi tatu inahitaji nguzo 16, yaani mistari minne ya nguzo nne nne. Nyumba ya nafasi tano inahitaji 24. Hakuna nguzo inayozikwa ardhini. Kila moja hukaa juu ya jiwe lake, ili isiliwe na mchwa wala isioze kwa unyevu. Miongoni mwake ziko mbili zenye cheo: tameh raja, nguzo ya mfalme, na tameh putroe, nguzo ya malkia. Hizo husimamishwa kwa dua na karamu, na zilizobaki hupangwa kwa kuzifuata.

Sasa sogea karibu uangalie nguzo moja tu. Imechongwa ikawa mviringo au pembe nane, na ubavuni mwake utoh ametoboa matundu kwa patasi, mengine ya kupitisha boriti za urefu wa nyumba, mengine ya boriti za upana. Boriti haiishii ndani ya nguzo. Hupenya ikatokea upande wa pili na kuendelea mpaka nguzo ijayo. Tundu hutobolewa kubwa kidogo kuliko boriti, na nafasi inayobaki ndiyo siri ya kazi yote. Humo hutiwa kabari ya mti mgumu uliokauka. Fundi huigonga taratibu huku akisikiliza. Mwanzoni mlio ni mzito na wa ovyo, maana boriti bado inacheza. Kadiri kabari inavyoingia mlio hupanda, ukawa mfupi na mkavu. Hapo fundi huacha. Akiongeza pigo moja la pupa ataipasua nguzo ambayo mti wake ulichukua miaka mingi kukua; akiacha mapema nyumba italia kila mtu akipita.

Fundi wa msumari kazi yake humalizika siku ile ile aliyoupigilia. Kabari, kinyume chake, inarudiwa. Mbao hunywea kiangazi na kuvimba masika, kabari zikalegea, mwenye nyumba akazunguka na nyundo kuzikaza. Hivyo nyumba hii inamtaka mtu anayeijua. Ikitelekezwa italegea, na ikitunzwa hukaa miaka mia na zaidi.

Kutopigiliwa huko kuna maana kubwa katika nchi ya Aceh, kwa sababu ardhi yake haitulii. Tetemeko likija, jengo gumu lisilokubali kupinda hupasuka. Rumoh Aceh husogea. Nguzo huteleza kidogo juu ya mawe, boriti hucheza ndani ya matundu, nguvu ya mtikisiko ikagawanyika katika maungio kadhaa badala ya kuzama mahali pamoja. Tetemeko la 26 Desemba 2004, lenye ukubwa wa 9.1, ndilo lililotuma mawimbi ya tsunami yaliyofika hadi Somalia, Kenya na Tanzania na kuua watu. Pwani ya Aceh yenyewe ilisombwa, na mbele ya maji yale hakuna ufundi uliofua dafu, si wa mbao wala wa zege. Ila tsunami ni jambo moja na mtikisiko ni jingine. Tarehe 7 Desemba 2016 tetemeko dogo zaidi, la 6.5, lilipiga Pidie Jaya. Watu zaidi ya 100 walikufa, na maduka ya ghorofa ya matofali na zege yalilala chini. Utoh wa zamani hakuwa na mashine ya kupimia mitetemeko. Alikuwa na kumbukumbu ya vizazi vilivyotikiswa.

Ukiinua macho kwenye paa utaona kwamba utoh aliwaza pia juu ya moto. Paa la asili ni la majani ya msago, mti wa jamii ya mitende. Majani hukunjwa juu ya ufito na kushonwa, mithili ya makuti yetu, kisha hupangwa kwa kubanana mpaka paa likawa nene na ndani pakawa na ubaridi. Adui wa paa hilo ni cheche. Kwa hiyo mapaa haya hayafungwi ufito mmoja mmoja kwa kamba zake peke yake. Kuna kamba kuu inayoshikilia majani, nayo hufungwa mahali panapofikiwa na mkono. Moto ukishika, mwenye nyumba huchukua panga, hukata kamba hiyo, na majani yote huporomoka chini yakaungulie uani. Nguzo, boriti na kuta zenye nakshi hubaki. Majani ya msago hupatikana tena, lakini nguzo ya mti mgumu si rahisi kuipata.

Hata kifo kimetengewa nafasi. Nyumba ina sehemu tatu kutoka mbele kwenda nyuma. Ukumbi wa mbele ni wa wageni wanaume na wa watoto kusomeshwa Kurani. Ukumbi wa nyuma ni wa wanawake, jiko na mlo wa kila siku. Katikati, palipoinuliwa kuliko pengine, ndipo penye vyumba vya kulala. Mbao za sakafu ya katikati hazikukazwa. Maiti inapooshwa, mbao huondolewa ili maji yashuke moja kwa moja ardhini. Maziko yakiisha hurudishwa mahali pake. Katika sehemu hiyohiyo ndiko bibi harusi anakolala. Binti mkubwa akiolewa, mumewe huhamia kwao, na wazazi humwachia chumba chao cha kulala wakajibanze kwingine. Kwa kawaida nyumba hurithiwa na mabinti, kwa hiyo anayeuliza “nyumba ya nani hii?” katika kijiji cha Aceh mara nyingi atatajiwa jina la mwanamke.

Mlango wa kuingilia ni mfupi, kiasi cha shubiri sita au saba hivi, na hata mkubwa wa cheo huinama kabla ya kumwona mwenyeji. Akishaingia, ukumbi hufunguka mpana, hauna viti, na kila mtu hukaa mkekani. Kwenye kuta za pembetatu za mashariki na magharibi, chini ya kilele cha paa, mbao zimechongwa maua na mashina yaliyosokotana, na kati ya nakshi mna matundu yanayopitisha upepo. Urembo huo unapunguza joto, na pia unaiachia dhoruba njia ya kupita badala ya kusukuma ukuta mzima.

Ustadi wa mbao ndio uliomvutia pia msafiri wa zamani aliyeziona pwani zote mbili, ya Waswahili na ya Aceh. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba misikiti ya Mombasa ilijengwa kwa mbao kwa umahiri mkubwa, na kwamba Kilwa ilikuwa miongoni mwa miji mizuri, nyumba zake za mbao. Mwaka 1345 hivi alifika Samudera Pasai, ufalme wa Kiislamu kwenye pwani ambayo sasa ni Aceh, akakuta mji mkubwa uliozungukwa na ukuta wa mbao wenye minara ya mbao. Bahari ni moja, dini ni moja, na mikono iliyojua mti ilikuwa pande zote mbili.

Waswahili husema penye miti hakuna wajenzi. Aceh ya leo ina tatizo la kinyume chake: wajenzi wangalipo, miti ndiyo imekuwa adimu. Nguzo 24 nene na zilizonyooka ni mali, na mwaka 2007 Gavana Irwandi Yusuf alisimamisha ukataji wa magogo msituni, hatua ambayo misitu iliihitaji na ambayo bila shaka ilizidi kupandisha bei ya mbao. Baada ya tsunami, kati ya 2005 na 2009, zilijengwa nyumba zaidi ya 130,000, nyingi za matofali na zege. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mtu aliyepoteza kila kitu alihitaji mahali pa kulala upesi. Ila ilikuwa kazi ya mwashi, na utoh alikaa pembeni. Familia nyingi sasa hujenga nyumba ya matofali kando ya ile ya zamani, ambayo hubaki ghala, au huuzwa ikawa mkahawa. Nyingi kati ya zilizobaki zimeezekwa mabati, na pamoja na majani ikaondoka ile kamba ya kukata wakati wa moto. Bati haliporomoki kwa pigo la panga.

Sisi wa pwani tunajua mambo haya yanakoishia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja, ulitoweka katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa mmoja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, hapakuwa tena na mzee aliyeishi kwa kuunda mitepe wa kuulizwa kamba ikazwe kiasi gani. Picha na mifano midogo huonyesha umbo la chombo. Haionyeshi mkono ulivyofanya kazi.

Aceh haijafika huko, na haina haja ya kufika. Kununua nyumba kuukuu na kuihamishia mjini kunaokoa mbao. Ufundi unaokolewa na nyumba mpya, hata iwe ndogo ya nguzo 16, yenye utoh anayelipwa vizuri na vijana wawili watatu wanaobeba patasi nyuma yake mpaka masikio yao yaijue sauti ya kabari iliyokaa sawa. Hilo halihusu Aceh peke yake. Kama mtaani kwako yuko mzee anayejua kuezeka makuti, kuchonga mlango au kuunda ngalawa, mpe kazi ya malipo mwaka huu, na umpelekee kijana wa kumsaidia.