Stesheni ya Katoni: Uhakiki wa Jengo la Mfano na Picha Zake

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia, na ni mara chache tunapoelekeza jicho letu kwenye kazi za mikono. Hata hivyo, jengo la mfano nalo ni usemi. Lina mtunzi, lina maudhui, lina fani, na lina mtazamaji anayelisoma. Makala haya yanahakiki stesheni ndogo ya reli iliyoundwa na vijana wanne wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pamoja na picha zake tano zilizotundikwa katika ukumbi mmoja mjini Mbarara. Majina ya vijana hao hayatajwi hapa kwa kuwa bado ni wanafunzi.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini stesheni? Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956, lakini haikupita Mbarara. Waundaji hawa hawajapata kupanda garimoshi. Walichonacho ni masimulizi ya wazee wao, ambao baadhi yao walipitia Kigoma, ambako reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, na wengine walitoka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo tulicho nacho mbele yetu ni masimulizi yaliyogeuzwa kuwa kuta, paa na jukwaa la abiria.

Jambo la kwanza la kuhakiki katika kazi ya namna hii ni kipimo. Wapenzi wa reli za mfano huko Ulaya hutumia sana kipimo cha 1 kwa 87, na Uingereza 1 kwa 76. Katika kijiji cha Long Wittenham, Uingereza, liko jumba la makumbusho la Pendon, lililoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, Mwaustralia aliyefika nchini humo mwaka 1925. Alipoona nyumba za kale za mashambani zinabadilishwa na kutoweka, alianza kuzipima na kuziunda upya moja moja kwa kipimo cha 1 kwa 76. Kwake yeye kipimo kilikuwa njia ya kusema kweli juu ya nyumba ambayo kesho haitakuwapo.

Vijana wa Nakivale hawakuwa na vifaa vya Pendon. Walikuwa na katoni za dukani, udongo, waya na gundi ya unga. Hapa ndipo ilipo busara yao kubwa. Bati la kawaida lina migongo inayoachana kwa milimita 76 hivi. Ukibandua karatasi ya juu ya katoni, utakuta migongo inayoachana kwa milimita 7 hivi. Katika kipimo cha 1 kwa 87, migongo hiyo ingekuwa na upana wa zaidi ya nusu mita, na paa lingeonekana kama shamba la matuta. Lakini katika kipimo cha 1 kwa 10, katoni hiyo hiyo inakuwa bati kamili. Waundaji walikiacha kipimo cha vitabuni wakachagua kile ambacho kifaa chao kiliwaagiza. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kutokana na uamuzi huo, jengo lina urefu wa sentimita 60, yaani mita 6 za kweli, na mlango wake wa sentimita 20 unampitisha mtu mzima bila kuinama. Kuta zimekandikwa kwa udongo uliochekechwa mara kadhaa, maana punje ya mchanga ya milimita 2 ingeonekana kama kokoto ya sentimita 2. Chini ya dirisha la tikiti ukuta umefifia rangi, kana kwamba watu wengi wameuegemea. Alama hiyo ndogo inatuambia zaidi ya nakshi yoyote.

Kasoro zipo, nazo zisifichwe. Reli mbili zimeachana kwa sentimita 14, ilhali reli ya kati ya zamani ina upana wa mita 1, yaani sentimita 10 katika kipimo hiki. Sentimita 14 zinakaribia reli pana ya mita 1.435, kama ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Ni dhahiri kuwa hapa walinakili picha wakaacha kuwauliza wazee. Mataruma nayo ni membamba mno. Stesheni ni ya masimulizi, njia ni ya gazetini, na vitu hivi viwili havijapatana.

Wako watakaosema kuwa sanaa haihitaji rula, na watamtaja Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyeishi kuanzia mwaka 1948 hadi 2015. Huyo aliunda miji mizima kwa karatasi na katoni, kazi zake zikaonyeshwa Paris mwaka 1989 na New York mwaka 2018. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kingelez alikuwa akijenga miji ambayo haijawahi kuwapo, naye hakumwahidi mtu kipimo. Anayesema, "Hii ndiyo stesheni waliyoipita wazazi wetu," ameahidi kipimo, na ahadi ni deni.

Tuje kwenye picha, zilizopigwa kwa simu. Mbili zimepigwa na mtu aliyesimama, na mara moja stesheni inageuka kuwa kitu cha kuchezea, kwa sababu hakuna abiria anayeiona stesheni kutoka angani. Tatu zimepigwa kutoka chini. Simu ikisimamishwa wima juu ya ardhi, lenzi yake hukaa kwenye sentimita 14 au 15, ambayo ndiyo kimo cha macho ya mtu katika kipimo cha 1 kwa 10. Picha ya tatu ni bora kuliko zote. Jua la asubuhi linatupa kivuli cha paa juu ya jukwaa, na ukingo wa picha unakata njia ya reli, hata mtazamaji akadhani garimoshi limekwisha kuondoka. Behewa la mita 18 lingehitaji mfano wa mita 1.8, nao hawakuweza kuuunda. Kamera imeugeuza upungufu huo kuwa maana. Picha ya tano, kwa upande mwingine, imeharibiwa na jerikani ya maji iliyoachwa nyuma, inayoonekana kama tangi refu kupita paa.

Yamebaki maelezo yaliyobandikwa chini ya picha, na hapa mwalimu wa lugha hawezi kunyamaza. Yalisema hivi tu: "Kazi ya watoto wakimbizi." Hayakutaja kipimo, wala vifaa, wala kitu kilichoundwa. Watazamaji walisoma, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakapita. Sikumsikia hata mmoja akiuliza juu ya paa. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda wote huo huruma haikukosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kijana, "Reli yako ni pana mno, rudi ukapime." Maneno hayo ni heshima, kwa sababu yanamhesabu kuwa fundi.

Ningependekeza maelezo haya: "Stesheni. Katoni, udongo na waya. Kipimo 1 kwa 10. Imeundwa kutokana na masimulizi ya wazee." Baada yake yaje majina ya waundaji, wenyewe wakiridhia.

Walimu wenzangu, zoezi hili laweza kuingia darasani bila gharama. Mwanafunzi amhoji mzee juu ya jengo moja, aandike vipimo na majina ya sehemu zake: boriti, kenchi, kizingiti, taruma. Kisha aliunde, alipige picha, na aandike maelezo yasiyozidi maneno ishirini. Nasi tusahihishe yote mawili, jengo na sentensi, kwa kalamu ile ile nyekundu.