Kichwa Kikigeuka, Sauti Ibaki Wapi?

Mwezi Aprili 2016 YouTube ilianza kupokea video za digrii 360 zenye sauti ya pande zote. Fomati iliyochukuliwa haikuwa ngeni: ilikuwa ambisoniki, iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1970 na mwanahisabati wa Oxford, Michael Gerzon, pamoja na wenzake, kisha ikakosa soko kwa miongo kadhaa. Wakati huo mfumo mwingine wa sauti, Dolby Atmos, ulishavuma kwenye majumba ya sinema tangu filamu ya Brave mwaka 2012. Naona YouTube ilichagua vizuri, na sababu zake zinamfaa yeyote anayepanga mradi wa sauti.

Sababu kubwa ni shingo ya mtazamaji. Ukumbini mtu ametulia kitini, skrini iko mbele, spika zimefungwa ukutani na darini. Atmos ilizaliwa katika mazingira hayo: sauti ya helikopta husafiri pamoja na maelezo ya mahali ilipo, na mtambo wa ukumbini ndio unaoamua spika zipi ziitoe. Lakini aliyevaa miwani ya uhalisia pepe hugeuka apendavyo, na gari lililokuwa kushoto kwake lazima libaki palepale barabarani.

Ambisoniki hufanya hivyo kwa hesabu ndogo. Daraja la kwanza lina chaneli nne: W hubeba sauti yote bila kujali inakotoka, X hubeba mbele na nyuma, Y kushoto na kulia, Z juu na chini. Ukizungusha kichwa kulia au kushoto, W na Z haziguswi. Simu inayochezesha video huchanganya upya X na Y basi. Uwe umerekodi mzee mmoja akisimulia au soko zima la samaki, chaneli ni zilezile nne, wala simu haielemewi. Tena hataza za msingi zilishaisha muda wake, hivyo hakuna wa kulipwa.

Udhaifu upo. Chaneli nne huchora mahali pa sauti kwa ukungu. Wasemaji wawili waliokaa karibu husikika kama wamebanana. Daraja la tatu hupunguza ukungu huo, ila linadai chaneli 16.

Mtego unaoharibu kazi nyingi ni mpangilio wa chaneli. Mfumo wa zamani, FuMa, huzipanga W, X, Y, Z. AmbiX, unaotakiwa na YouTube, huzipanga W, Y, Z, X, na kiwango cha W nacho ni tofauti. Pakia faili ya FuMa mahali panaposubiri AmbiX uone: sauti ya mbele inahamia kushoto, ya kushoto inapaa juu, na ndege aliyekuwa angani anakuja kuimba mbele ya pua yako. Video itacheza bila onyo lolote. Kwa hiyo kabla ya kupakia, rekodi mtu akipiga makofi mbele, kushoto, kisha juu, usikilize kwa hedifoni.

Msimulizi naye asiingizwe kwenye chaneli hizo nne, maana sauti yake itabaki nyuma mtazamaji akigeuka. YouTube iliruhusu stereo ya kawaida iongezwe kando, jumla chaneli sita, na hizo mbili hufuata kichwa popote.

Kwa muziki wa kuuza hali ni nyingine: Apple Music hutumia Atmos tangu 2021, kwa hiyo fanya miksi kwa Atmos. Kwa podikasti, sauti ya bainora, yaani iliyoandaliwa kwa masikio mawili ndani ya hedifoni, inatosha. Ni chaneli mbili tu, hupita katika kila programu, ingawa kwenye spika uzuri wake hupotea. Hata hapo ningerekodi kwa ambisoniki na kuhifadhi faili asilia, kwani kutoka chaneli nne unaweza kutoa bainora wakati wowote, lakini bainora ikishatengenezwa, mwelekeo wa kichwa umeshafungwa humo na haufunguliki tena.