Meya Amevishwa Joho la Padre

Usiku wa kuamkia Pasaka, Comte de Reynaud, meya wa Lansquenet, anavunja duka la chokoleti la Vianne, mgeni kijijini, anapanda kwenye dirisha la maonyesho na kuanza kufyeka sanamu za chokoleti. Kipande kimoja kinamrukia mdomoni. Anakilamba. Basi tena. Asubuhi anakutwa amelala humo humo dirishani, uso mzima umepakaa. Katika filamu ya Chocolat hakuna mwigizaji anayefanya kazi kubwa kuliko hiyo anayoifanya Alfred Molina kwa dakika zile chache, na onyesho lenyewe ni bovu. Liliharibika kabla kamera haijawashwa, pale mwandishi wa mswada Robert Nelson Jacobs na mwongozaji Lasse Hallström walipoamua kwamba adui wa hadithi hii asiwe padre tena, awe meya.

Waliosoma riwaya ya Joanne Harris ya mwaka 1999 wanajua ninachokililia. Mule ndani Reynaud ndiye paroko. Sura zinapokezana, Vianne anasema, Reynaud anasema, na Reynaud anamsimulia padre mzee aliyelala hoi kitandani asiyeweza kumjibu. Tunamsikia akifunga Kwaresima kwa ukali unaotisha, tunasikia tumbo lake na kiburi chake. Filamu imemgawa mtu huyu vipande viwili: ukali amepewa Comte, kanzu amepewa kijana Père Henri, ambaye kazi yake ni kuimba Elvis kichinichini na kusoma mahubiri yaliyosahihishwa na meya. Ukimpasua adui namna hiyo hupati maadui wawili. Hupati hata mmoja.

Sasa tukitazame kijiji, maana kosa linaonekana vizuri zaidi kwenye ramani kuliko kwenye mazungumzo. Lansquenet ya filamu ilipigwa picha Flavigny-sur-Ozerain, Burgundy, kijiji cha kale kilichokaa juu ya kilima, chenye malango ya zama za kati na vichochoro vinavyobana mabega. Abasia yake iliasisiwa katika karne ya 8. Ng'ambo ya bonde kuna Alise-Sainte-Reine, kwenye kilima cha Alésia, Julius Caesar alikomzingira Vercingetorix mwaka 52 kabla ya Kristo. Kijiji kama hiki kilijengwa kwa hofu: unapanda, unapita langoni, unabanwa na kuta, kisha ghafla uwanja unafunguka na kanisa liko mbele yako. Yeyote aingiaye anaonekana. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kusimulia habari ya mgeni anayechunguzwa.

Na wapangaji wa mandhari waliliona hilo. Duka la Vianne limewekwa uwanjani, linatazamana na kanisa, mlango kwa mlango. Huo ndio mstari wa vita. Mtu akitoka kwenye misa ya Kwaresima hana pa kukwepesha macho. Katika riwaya mstari huo una watu pande zote mbili: Vianne kwenye kioo chake, padre kwenye mlango wake, kila mmoja anamhesabia mwenzake wateja. Uwanja wenyewe ni mchezo wa drafti.

Katika filamu upande mmoja wa ubao hauna mchezaji. Meya hakai kanisani. Ana jumba lake, ana meza yake na makaratasi yake, na kila akitaka kumtishia Vianne inabidi atembee kuja uwanjani kama mgeni mwingine. Kumbukeni onyesho la mwanzo kabisa. Upepo wa kaskazini unafungua milango ya kanisa katikati ya misa, na anayeinuka kwenda kuifunga ni nani? Meya. Padre yuko mbele anatazama. Hallström anataka tuelewe papo hapo nani mwenye kijiji, na tunaelewa, lakini kwa kufanya hivyo ameshautoa mlango ule mikononi mwa mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuulinda kwa muda wote wa filamu. Baada ya hapo kanisa linabaki jengo zuri la kupigia picha.

Watetezi wa filamu huniambia kwamba makabaila Wakatoliki waliokuwa mameya vijijini Ufaransa walikuwa wengi, na kwamba mwaka 1959, ambamo filamu imewekwa, wa namna hiyo walikuwapo. Sikatai. Lakini tangu sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola, meya na paroko ndio ugomvi wa jadi wa kijiji cha Ufaransa. Makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo, karibu nchi nzima, ni mali ya komuni: padre anahubiri ndani ya jengo ambalo paa lake liko chini ya dhamana ya meya. Vichekesho vingapi vimechumwa kwenye shamba hilo! Filamu imewaweka wawili hao upande mmoja, mmoja bwana na mwingine karani, na bado haikutumia hata ajabu ya hali hiyo. Haikujiuliza Père Henri anajisikiaje. Anachukua karatasi, anasoma, tunacheka kidogo, tunasonga.

Kisha kuna suala la silaha, na hapa ndipo mswada unaponikera kuliko pengine pote. Meya wa Ufaransa ana mamlaka halisi ya kulinda utulivu wa mji. Anaweza kutoa amri, kukagua, kusumbua watu kwa vibali. Comte anafanya lipi kati ya hayo? Anaeneza maneno. Anabandika matangazo dhidi ya watu wa mtoni, wale wanaoishi kwenye maboti. Anasahihisha mahubiri. Zote hizo ni silaha za padre zilizoazimwa bila risasi zake. Padre wa kweli ana mimbari, ana komunyo anayoweza kumnyima mtu, na juu ya yote ana kitubio. Fikirieni: katika kijiji chenye duka moja la vishawishi, kuna mtu mmoja ambaye kila mlaji lazima aje apige magoti mbele yake aseme alichokula. Huyo ndiye adui. Anajua kila kitu na haruhusiwi kusema lolote. Filamu inalo onyesho hilo, lile la waumini wanaoungama mmoja baada ya mwingine jinsi chokoleti inavyoyeyuka ulimini, na limekatwa vizuri sana kiuhariri, ila sikio lililo upande wa pili wa kimia ni la Père Henri, kijana anayemeza mate. Siri zote za Lansquenet zimemwagwa kwa mtu asiyeweza kuzitumia, na mtu anayeweza kuzitumia yuko jumbani anachapa barua.

Turudi dirishani. Comte amemwona Caroline Clairmont, mjane mwadilifu anayempenda kimyakimya, akiwa dukani kwa Vianne. Anakwenda kanisani, anaomba mbele ya msalaba, anachukua kisu, anavuka uwanja. Hatua kumi na kitu tu za mawe, kutoka mlango hadi mlango, na ndizo hatua muhimu kuliko zote katika hadithi hii. Kama aliyezivuka angekuwa paroko, angekuwa anaiacha altare yake usiku mtakatifu kuliko wote, saa chache kabla ya kuwapa waumini wake Pasaka. Dirisha lingekuwa altare ya pili. Kila tonge lingevunja nadhiri. Anayezivuka ni meya, na meya akivunja mfungo amevunja diet. Molina analijua pengo hilo. Tazameni anavyoanza na kicheko, kisha kilio, kisha kula, anajaribu kulijaza kwa uso peke yake. Mwili unatenda kazi ambayo mswada uliikataa.

Halafu asubuhi. Katika riwaya Reynaud anafumaniwa siku ya Pasaka, kengele zinalia, watu wanamwona. Aibu ni ya hadharani kwa sababu utawala wake ulikuwa wa hadharani. Katika filamu wanaomkuta ni Vianne na Père Henri tu. Vianne anampa kinywaji cha kumchangamsha, anamwahidi hatamwambia mtu, Comte anaomba radhi, kwisha. Mahubiri hayajaandikwa, hivyo Père Henri anapanda mimbarini na maneno yake mwenyewe kuhusu kuwakumbatia watu badala ya kuwatenga, kila mtu anatabasamu, na uwanjani karamu inaanza. Adui amesamehewa faraghani na hotuba imemalizia kazi. Tumeketi saa nzima na zaidi tukisubiri kijiji kimwone mtawala wake akiwa mtupu, tukafungiwa mapazia.

Mengine niyapitie haraka. Juliette Binoche hana kosa, Judi Dench na Lena Olin ndio chumvi ya filamu, na Roger Pratt ameupiga ukijivu wa mawe na wekundu wa majoho mawili ya Vianne na bintiye kwa jicho la bwana. Tuzo tano za Oscar iliteuliwa, haikupata hata moja, na sikulia.

Lakini lafudhi! Mnanijua kwa hili na sitaacha. Kijiji cha Ufaransa, mwigizaji Mfaransa anayeongoza, na kila mtu anasema Kiingereza kilichonyunyiziwa Ufaransa juu, isipokuwa Johnny Depp aliyeamua kuwa wa Ireland. Semeni Kifaransa tuwasome chini, au semeni Kiingereza chenu tuwaamini. Lufufu alipotutafsiria mikanda ya Hong Kong hakujifanya Mchina hata siku moja, na hakuna aliyepotea njia.

Na mto. Upigaji picha ulifanyika Mei hadi Agosti 2000, kwa hadithi ya mwisho wa baridi, na sehemu za maboti zilipigwa Fonthill, Wiltshire, Uingereza. Ndiyo maana hamjawahi kuhisi kilima. Kamera haiwezi kushuka kutoka uwanjani, ikapita langoni, ikafika majini kwa pande moja, kwa kuwa katikati pana bahari inayozitenga nchi mbili. Tunapaa juu ya kijiji mwanzoni, tunakiona kimekaa pale juu kama ngome, kisha mteremko unafutika na Vianne anakuwa mtoni kwa mkato mmoja. Kwenye kijiji cha kilimani kushuka ni tendo. Mtu anayeshuka kwenda kwa watu wa maboti anatazamwa na kila dirisha, na kurudi kwake juu ni ushahidi. Hilo nalo lilikuwa bure, lilikuwa linangoja kuchukuliwa.

Wazee walilichukua. Marcel Pagnol, 1938, La Femme du boulanger, kijiji cha Le Castellet, kilimani vilevile, kule Provence. Mke wa mwokaji anatoroka na mchungaji wa kondoo, mwokaji, anayeigizwa na Raimu, anagoma kuoka, kijiji kizima kinakosa mkate. Pagnol ana padre, ana mwalimu wa shule wa jamhuri, ana na kabaila juu yake, watu watatu wenye vyeo vitatu, na hakuwachanganya hata kidogo. Padre na mwalimu wanagombana tangu mwanzo. Wanapotumwa kumrudisha mwanamke, mwalimu anambeba padre mgongoni kuvuka kinamasi. Ufaransa nzima ya baada ya 1905 iko katika picha ile moja, na mnacheka mpaka machozi. Hakuna hotuba. Jacques Tati naye, katika Jour de fête ya 1949, alikwenda Sainte-Sévère-sur-Indre akawatumia wanakijiji wenyewe, na ukimaliza kuitazama unaweza kupeleka barua kila nyumba bila kuuliza.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba Flavigny wenyewe waliwawekea watengenezaji wa filamu kila kitu mezani. Ndani ya majengo ya abasia ya kale hutengenezwa peremende za mbegu ya anisi, kazi ya karne na karne: kijiji kilichoishi kwa kitu kitamu chini ya kivuli cha watawa. Kina Wabenedikto. Kina seminari ya jamaa wa Misa ya Kilatini tangu miaka ya 1980. Mapadre wa kanzu ndefu nyeusi walikuwa wakikatiza vichochoro hivyohivyo ambamo Hallström alikuwa akimtafutia adui wake suti ya meya.

Harris mwenyewe hakumwacha padre wake. Mwaka 2012 alitoa Peaches for Monsieur le Curé: Vianne anarudi Lansquenet, mwezi ni Ramadhani, ng'ambo ya mto wamehamia Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, na mtu aliyeishiwa marafiki, anayeshukiwa na waumini wake, anayehitaji msaada wa mwanamke ambaye yeye aliwahi kutaka kumfukuza, ni Reynaud. Mfungo wa pili, mlango wa pili unaotazamana na wa kwanza, na adui wa zamani amesimama katikati hajui aende wapi. Hollywood haiwezi kuigusa riwaya hiyo kama mwendelezo. Reynaud wao alishasamehewa mbele ya mashahidi wawili, akapewa na kinywaji.